Kadi Hii Haikubaliki

"Mwizi mkubwa wewe! Umempasua mume wangu kichwa, ukaona haitoshi, ukaja kuichokonoa simu yake hapa hapa mbele ya mlango wangu!"

"Mama, shusha hiyo pasi kwanza. Tuongee kama watu."

"Sishushi! Ikikupata, imekupata!"

Mpelelezi alipofika, uchochoro ulikuwa umejaa watu hadi kwenye ngazi za nyumba ya tatu. Walioacha masufuria jikoni walikuwa wameyaacha, na waliokuwa wakioga walikuwa na povu masikioni. Mwanamke aliyenyanyua pasi alikuwa mshonaji; mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Aliyesimama mbele yake, mikono juu na bisibisi ndogo katikati ya vidole, alikuwa Fundi, mtengeneza simu. Toka mlango wa mmoja hadi kibanda cha mwingine zilikuwa hatua nane.

"Mama, mpige upande wa kushoto," Kinyozi alipaza sauti kutoka nyuma. "Wa kulia nimemnyoa jana, usiniharibie kazi."

Watu wakacheka. Mama Cherehani hakucheka. Mpelelezi alipita katikati yao, akaipokea ile pasi mkononi mwake kama mtu anayepokea mtoto, akaigusa kwa kiganja. Ilikuwa baridi. Akaiweka juu ya meza ya Fundi.

"Iko wapi hiyo simu?"

"Hiyo hapo, Afande," Mama Cherehani alisema, akinyoosha kidole. "Nimekuja kuchukua chaja yangu, naiona imelala kifudifudi. Angalia pembe ya chini. Hiyo alama nimeichoma mimi mwenyewe kwa pasi, siku ileile aliyoinunua. Tukagombana siku mbili. Dunia nzima hakuna simu nyingine yenye alama hiyo."

Mpelelezi aliigeuza. Plastiki ya pembeni ilikuwa imeyeyuka kwa upana wa ukucha. Hakukuwa na laini ndani.

Mume wa Mama Cherehani alikuwa mlinzi wa ghala la vifaa vya ujenzi. Jumanne, saa mbili asubuhi, mtunza stoo alimkuta chini ya ngazi ya zege, kichwa kimepasuka, simu haipo. Leo ilikuwa Jumatatu. Kwa siku sita Mlinzi alikuwa amelala hospitali, macho wazi, hasemi. Mkuu wa kituo alikuwa amechoka kuulizwa, na baada ya kupigiwa kuhusu simu hii alitoa agizo fupi: asipopatikana mwingine kufikia saa kumi na mbili jioni, Fundi alale ndani kwa kosa la kujaribu kuua.

"Nyote rudini majumbani," Mpelelezi alisema.

Hakuna aliyerudi. Aliingia kibandani na Fundi, akateremsha mlango wa bati hadi nusu. Chini yake vikabaki vimejipanga viatu na kandambili za wasikilizaji.

"Nani kakuletea?"

"Sijui, Afande. Wallahi sijui."

"Fundi gani hajui mteja wake?"

"Fundi wa bahasha." Alionyesha mlangoni. Bahasha za kaki zilining'inia kwenye kamba, na chini yake palikuwa na tundu kama la barua. "Sikai hapa siku nzima, naitwa huku na huko. Mteja anachukua bahasha, anaandika ugonjwa wa simu, anachana kipande chenye namba, anatumbukiza. Akija na kipande anapewa simu yake. Majina siulizi. Wengine wanaleta simu za wake zao, Afande, mimi nikiuliza majina nitafunga ndoa za watu au nitazivunja?"

"Hii ilikuwa namba ngapi?"

"Thelathini na moja. Niliikuta Jumamosi asubuhi."

"Kwa hiyo mwenye kipande namba thelathini na moja ndiye tunayemtafuta."

"Ndiye."

Nje, mtu alirudia kwa sauti, "Thelathini na moja!" na namba ikasafiri uchochoro mzima kama matokeo ya mpira. Mpelelezi alivuta pumzi. Hicho kipande sasa kilikuwa kimeshatafunwa, kimechomwa au kimetupwa chooni. Kelele za Mama Cherehani zilikuwa zimempa mwenye kipande taarifa kabla ya polisi.

"Lete bahasha."

Maandishi yalikuwa herufi kubwa, kalamu ya bluu, yamekandamizwa: IFUTWE YOTE. IFUNGULIWE MITANDAO YOTE. MUDA UMETIMIA, MIEZI SITA. USIIHARIBU.

"Nifafanulie. Mimi simu yangu ni ya kupiga na kupokea tu."

Fundi alipata uhai. Alichomoa laini kutoka simu yake mwenyewe, akaiingiza katika ile ya Mlinzi. Kioo kiliwaka, kikaandika: *Kadi hii haikubaliki. Ingiza namba ya kufungulia. Majaribio yaliyobaki: 7.*

"Unaona? Hii simu imeuzwa na kampuni ya Njiwa. Njiwa wanauza kwa bei ya chini, lakini wanaifunga: inakubali laini zao tu. Laini yangu ni ya Mnara, ndiyo maana inaigomea. Mnara wao hawafungi, ila ukisikia bei yao unakaa chini. Sasa, ukishatumia simu ya Njiwa mpaka muda uishe, unakwenda ofisini kwao na kitambulisho, wanakupa namba ya kufungulia. Bure. Lazima uwe mwenye laini mwenyewe. Na kama simu imeripotiwa kuibiwa, hawakupi hata maji."

"Majaribio yaliyobaki saba. Mwanzo yanakuwa mangapi?"

Fundi aliangalia kandambili zake.

"Kumi."

"Matatu yamekwenda wapi?"

"Afande, kazi ni kazi. Kuna vijana mtandaoni wanauza hizo namba. Nilijaribu tatu, zote takataka. Kabla haijafika sifuri nikaacha. Ikifika sifuri haifunguki tena mpaka kiama."

"Kwa hiyo ulijua mteja hawezi kwenda ofisini kwa Njiwa."

"Nilihisi. Sikuuliza. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini sijampiga mtu. Yule mzee kila akitoka lindo ananisalimia kabla sijafungua."

Mpelelezi aliandika katika daftari. Kisha akaweka kalamu juu ya maneno mawili ya bahasha.

"Miezi sita. Ni kweli?"

"Wapi! Njiwa ni mwaka. Kila fundi anajua. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, nikasema huyu mteja kadanganywa huko alikodanganywa."

Mpelelezi alifunga daftari. Alimwachia konstebo aliyekuja naye kazi ya kumlinda Fundi kibandani, na kazi ngumu zaidi ya kuwalinda watu wasimfikie Fundi.

*

Ofisi ya Njiwa ilikuwa na viti vya plastiki vilivyoshikanishwa, mashine ya kutoa namba za foleni, na bango ukutani: SIMU YAKO, UHURU WAKO. Chini yake, kwa herufi zinazohitaji miwani, masharti. Mhudumu wa kaunta ya tatu aliulizwa swali moja, akajibu bila kuinua macho.

"Mwaka mmoja wa matumizi. Mwenye laini mwenyewe. Kitambulisho halisi, si nakala."

"Si miezi sita?"

"Mama, ningekuwa nimeambiwa. Nasema maneno hayohayo tangu nimeajiriwa, hata usingizini nayasema. Mume wangu shahidi."

Mpelelezi alionyesha kitambulisho chake cha kazi na barua ya kituo. Alipandishwa ghorofani kwa meneja, mtu mwembamba aliyekuwa akitafuna kalamu. Meneja alisoma barua mara mbili, akafunga mlango.

"Nani kakwambia miezi sita?"

"Bahasha."

Meneja alikaa. "Ni sera mpya. Haijatangazwa. Tunaijaribu kwa wateja mia nne tu, wale wasiokosa kutumia laini. Hao tunawashusha kutoka mwaka hadi miezi sita. Tunawatumia ujumbe, kila mmoja kwenye laini yake. Hata kaunta hawajui. Tutawaambia wiki ijayo, tukiona haina hasara."

"Angalia namba hii ya mwenye simu kama imo."

Aliiandika, akangoja mashine. "Imo. Ujumbe umetumwa Jumatano."

"Umesomwa?"

"Jumatano simu ilikuwa imezimwa. Ujumbe ulisubiri. Umeingia Alhamisi, saa kumi na dakika sita jioni. Simu imewashwa dakika kumi na moja, ikazimwa. Tangu hapo laini haijaonekana."

"Mwenye simu ana namba ya siri kwenye kioo. Aliyeiokota angeusomaje?"

"Ujumbe wetu unatokea juu ya kioo hata kikiwa kimefungwa. Tunataka mteja auone." Meneja alijaribu kutabasamu. "Ni habari njema."

"Ndani ya hao mia nne, kuna mwingine wa mtaa ule?"

Alichuja orodha. "Hakuna. Huyo peke yake."

Mpelelezi aliomba karatasi zenye muhuri, akangoja mpaka zikatoka. Ngazi za kushuka zilikuwa na watu, akasimama kando ya dirisha na kumpigia daktari wa zamu.

"Ule mpasuko," daktari alisema, "umenyooka, na ndani yake tumetoa chembe za zege. Shinikizo lake la damu lilikuwa limeshuka vibaya. Kwa maoni yangu alizimia akaangukia ukingo wa ngazi. Rungu silioni, nyundo siioni. Taarifa nilimaliza leo asubuhi, naona bado inatafuta muhuri."

"Alilala pale muda gani?"

"Damu ilikuwa imekauka. Saa mbili, pengine kidogo zaidi. Hizo saa mbili ndizo zilizomharibu. Angeletwa mapema, leo angekuwa anakutukana kwa kumchelewesha kazini."

Mpelelezi alisimama pale mpaka kioo cha simu yake kikazima. Katika daftari, neno *alipigwa* alilikata kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika: *aliachwa*. Saa yake ilionyesha saa nane kasoro robo.

*

Chumba cha Mama Cherehani kilikuwa na vyerehani viwili, kitanda kilichofunikwa shuka la nyota, na meza iliyobanwa dirishani. Mezani palikuwa na sahani mbili za wali na maharage zilizofunikwa kwa sahani nyingine. Dirisha lilikuwa wazi na vichwa vitano vilikuwa vimeegemea nje yake, cha Kinyozi kikiwa cha mbele. Kwenye kiti pekee chenye mto alikaa mdogo wake Mama Cherehani, mpakiaji wa mizigo palepale ghalani, mtu mwenye kifua na sauti. Mtaani jina lake lilikuwa Mtaalamu. Hakukuwa na jambo asilolijua. Wiki hiyo peke yake alikuwa amemfundisha muuguzi kutundika dripu, amemweleza mwanasheria mmoja maana ya dhamana, na amembishia muuza betri kuhusu betri.

"Afande, karibu," alisema. "Huyo Fundi mmeshampeleka? Kisheria mnatakiwa mumfikishe ndani ya saa ishirini na nne."

"Bado. Kesi yangu inachechemea." Mpelelezi alisimama karibu na mlango, akaiweka bahasha ya kaki mezani. "Aliyeandika hapa ni mjinga, na kesi ya mjinga ni ngumu. Anasema muda wa kuifungua simu umetimia. Shemeji yako kainunua miezi saba iliyopita. Njiwa hawafungui simu kabla ya mwaka."

"Ni mwaka," Mama Cherehani alidakia. Alikwishavuta kasha la simu kutoka chini ya kitanda, na karatasi yake ya masharti akaiweka dirishani. "Hapa imeandikwa. Mume wangu alikuwa anahesabu, alitaka aweke na laini ya Mnara ampigie dada yake."

"Basi ni mjinga kweli," Mpelelezi alisema.

Mtaalamu alitikisa kichwa taratibu, kwa huruma ya mwalimu mwenye darasa zito.

"Si mjinga, Afande. Nyinyi ndio mmepitwa. Hilo kasha la zamani. Njiwa siku hizi ni miezi sita."

"Nani kasema?"

"Inajulikana."

"Na nani?"

"Na watu! Kila mtu anajua."

"Mimi sijui," Kinyozi alisema dirishani. "Na kwangu kila habari inapita na nywele zake."

"Wewe nyamaza, unyoe." Mtaalamu aligeuka kwa Mpelelezi. "Walituma ujumbe."

"Kwako?"

"Kwangu, ndiyo. Kwa wateja."

"Nione."

Mkono wake ulikwenda mfukoni, ukasita, ukatoa simu ndogo ya vitufe, mpira umeifunga isiachane. Mpelelezi aliifungua nyuma, akatazama laini.

"Hii ni ya Mnara."

"Basi niliuliza kaunta. Ofisini kwao."

"Natoka kaunta sasa hivi. Mhudumu ameniapia mwaka, na mume wake ni shahidi. Sera hiyo wameambiwa watu mia nne. Mtaa huu wote ameambiwa mmoja, na huyo mmoja Alhamisi saa kumi jioni alikuwa hospitali, hawezi kushika kijiko." Alikunjua karatasi zenye muhuri, akaziweka kando ya bahasha. "Ujumbe uliingia kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa mtu mwingine. Dakika kumi na moja. Aliyeusoma ndiye aliyeandika hapa. Alichagua kibanda cha Fundi kwa kuwa Fundi ndiye peke yake asiyeuliza jina."

Vichwa vya dirishani havikusogea. Mama Cherehani alikuwa bado ameshika kasha.

"Mdogo wangu," alisema. "Mwambie amekosea."

Mtaalamu alifuta midomo. "Sikumgusa shemeji. Nilimkuta ameshaanguka."

"Naamini," Mpelelezi alisema. "Daktari anasema ni ngazi. Hakuna aliyempiga."

Mabega ya Mtaalamu yakashuka, sauti ikamrudia. "Umeona, dada? Hata daktari! Mimi nilisema tangu mwanzo, ile ni presha, mtu wa presha hakeshi..."

"Ulifika saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi. Sisi wapakiaji tunawahi foleni."

"Alikuwa anapumua?"

"Alikuwa... anakoroma."

"Ukachukua simu."

"Nilidhani ndiyo basi tena. Nikasema wataiba wengine. Nilitaka kumtunzia dada."

"Ukamtunzia kwa kuifuta yote. Hukuita mtu?"

"Ningeita kwa nini, Afande? Fikiria kitaalamu. Simu yangu imeisha chaji. Ya kwake ina namba ya siri, siijui. Tena imefungwa kwa Njiwa, na pale ghalani Njiwa haishiki hata ukipanda juu ya paa, unapata Mnara tu. Ile simu pale ilikuwa kama jiwe."

Mpelelezi alitoa simu ya Mlinzi kwenye mfuko wa ushahidi. Hakuitoa kwenye nailoni yake. Aliibonyeza juu kwa juu. Juu ya nailoni vilevile aliuinua mfuniko wa nyuma kidogo ili kila mmoja aone tundu la laini lilivyo tupu. Kioo kiliwaka, kikadai namba ya siri. Chini kabisa, kwenye pembe, palikuwa na neno moja dogo. Alilibonyeza, kisha tarakimu tatu, kisha spika.

Iliita mara mbili.

"Namba ya dharura," sauti ya mwanamke ilisema, kubwa, ndani ya chumba kizima. "Eleza shida yako."

"Samahani, dada. Polisi, tunajaribu kifaa." Alikata. "Haina laini. Ina namba ya siri. Imefungwa. Na kwa namba hiyo inapokelewa na mtandao wowote ulioko hewani, wa Njiwa ama wa Mnara. Kampuni haina ruhusa ya kuifungia."

Mtaalamu aliichukua simu yake ya vitufe, akaanza kuirudishia mpira.

"Alipatikana saa ngapi?" Mama Cherehani aliuliza. Hakumtazama mdogo wake, alimuuliza Mpelelezi.

"Saa mbili."

Alihesabu kwa kidole gumba juu ya kidole cha kwanza, kisha cha pili. Halafu akaliweka kasha chini ya kitanda, polepole, likiangalia ukutani kama lilivyokuwa.

"Inuka," Mpelelezi alimwambia Mtaalamu. "Viatu vyako viko mlangoni."

Alitoka naye. Watu waliachia njia bila kuambiwa. Kelele zote za asubuhi zilikuwa zimetafuta pa kukaa. Hata Kinyozi alikuwa akisoma karatasi ya masharti iliyobaki dirishani. Konstebo alimpokea Mtaalamu, na Mpelelezi akavuka hatua nane hadi kibandani.

"Uko huru, Fundi. Kesho saa tatu uje utoe maelezo ya yale majaribio matatu. Hayo sijayasahau."

"Ndiyo, Afande."

"Na anza kuuliza majina."

Fundi alikuwa ameshapanga bisibisi zake ndani ya mkoba, tayari kwa safari asiyojua ya wapi. Hakuzitoa. Alikaa juu ya kigoda akiangalia mikono yake, na majirani wakaangalia kila kitu isipokuwa yeye. Mmoja aliokota ganda la karanga. Mwingine alikumbuka sufuria.

Mama Cherehani alitokea mlangoni. Mikononi hakuwa na kitu. Fundi alipomwona alisimama, mkoba ukawa kifuani kama ngao.

"Fundi."

"Naam, mama."

Nyuma yake, mezani, sahani mbili zilikuwa bado zimefunikwa.

"Umekula?"

"Bado, mama. Tangu asubuhi."

"Ingia basi ule. Kinapoa."